Bei Si Dhamana: Tunaponunua Kibodi ya Thamani

Mazungumzo na wananchi wa Kiloleli, Mkoa wa Simiyu



Tume ya Ushindani, ambako ninafanya kazi, imepewa na sheria majukumu mawili yanayokwenda pamoja: kusimamia ushindani wa haki katika biashara, na kumlinda mlaji. Neno "mlaji" huwachekesha wengi, kana kwamba tunawalinda watu wakiwa mezani. Mlaji tunayemzungumzia ni mtu yeyote anayenunua bidhaa au huduma ili aitumie mwenyewe, si ili aiuze tena. Anayenunua bati ni mlaji. Anayenunua simu ni mlaji. Na anayenunua kibodi ya kompyuta, ambayo wengine huiita kicharazio, naye ni mlaji.

Nimechagua kuzungumzia kibodi. Najua wapo wanaojiuliza ni kwa nini, katika mkoa unaoishi kwa pamba, ng'ombe na samaki wa ziwa, tukutane kwa ajili ya kitu chenye vitufe. Jibu ni kwamba mambo mengi ya maisha yetu siku hizi hupita kwenye vitufe hivyo. Barua ya kuomba kazi, mtihani wa majaribio wa darasa la saba, mkataba wa kukodi shamba, muhtasari wa kikao cha kijiji, maombi ya mkopo wa kikundi: vyote huchapwa na mtu fulani, mahali fulani. Katika vijiji vyetu mtu huyo mara nyingi ni kijana mwenye kompyuta moja na mashine moja ya kuchapishia. Kibodi yake ikigoma, si yeye peke yake anayesimama. Mwalimu anasubiri, mwombaji kazi anasubiri, na tarehe ya mwisho ya maombi haisubiri.

Neno langu kuu leo ni hili: anayenunua kibodi ya bei kubwa hununua vitu viwili. Cha kwanza ni chombo chenyewe, ambacho anakiona na kukigusa. Cha pili ni ahadi, yaani kauli kwamba chombo hicho kitadumu, na kwamba kikiharibika kabla ya wakati wake yupo atakayempokea na kumtengenezea. Chombo tunakikagua, lakini ahadi hatuikagui, ilhali sehemu kubwa ya fedha tunayolipa ni ya ahadi hiyo.

Kwa nini kibodi moja iwe ghali kuliko nyingine

Tuanze na chombo. Kibodi nyingi za bei nafuu ni za utando. Chini ya vitufe vyake kuna karatasi laini za plastiki zenye njia za umeme, na juu yake vikombe vidogo vya mpira. Ukibonyeza kitufe, mpira unabonyea, njia mbili zinagusana, herufi inatokea. Ukiachia, mpira unakirudisha kitufe juu. Ni muundo rahisi, mwepesi na usio na kelele. Udhaifu wake ni kwamba vitufe vyote vinategemea utando mmoja. Mpira ukichoka au njia ikikatika, fundi hana la kubadilisha, na kibodi nzima hutupwa.

Kibodi za bei kubwa, hasa zile za mekanika, zina swichi yake kwa kila kitufe, na ndani ya swichi mna springi. Swichi moja ikifa, nyingine zote zinaendelea. Katika baadhi ya kibodi swichi huchomolewa kwa mkono na kuwekwa mpya. Katika nyingine zimechomelewa kwa risasi, na fundi wa redio au simu mwenye mkono mzuri anaweza kuibandua na kuchomelea nyingine. Tofauti hii ya kutengenezeka na kutotengenezeka ni kubwa kuliko tofauti ya taa za rangi ambazo wauzaji hupenda kuziwasha mbele yetu.

Watengenezaji hutaja uimara kwa idadi ya mibonyezo. Kwa kibodi za utando utasikia milioni 5 hadi 10 kwa kitufe. Kwa swichi za mekanika utasikia milioni 50 na zaidi. Namba hizi ni kubwa mno kwa akili ya kawaida, basi tuzishushe chini.

Tuchukue mfano wa mchapaji anayechapa herufi 200 kwa dakika, saa 5 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni herufi 60,000 kwa siku na milioni 18 kwa mwaka. Sasa tazameni ukurasa wowote wa Kiswahili na mhesabu herufi A. Hakuna herufi inayotumika kama hiyo katika lugha yetu. Tukikadiria kwamba katika kila herufi tano moja ni A, kitufe hicho kimoja kinabonyezwa mara milioni 3.6 kwa mwaka. Kwa kibodi ya mibonyezo milioni 5, A itafika mwisho wake katika mwaka mmoja na miezi michache. Kwa swichi ya milioni 50, ni karibu miaka 14. Mwanafunzi anayechapa ukurasa mmoja kwa juma hatafika kokote huko, na kibodi yoyote nzuri ya kawaida inamtosha. Kwa hiyo swali la kwanza si kama kibodi hii ni bora. Swali la kwanza ni: mimi nachapa kiasi gani?

Sasa tuweke bei. Tuseme kibodi ya utando ni shilingi 15,000, na ya mekanika ni shilingi 250,000. Mchapaji wetu, kwa miaka 10, atahitaji kibodi za utando saba au nane, yaani shilingi zisizozidi 120,000. Hiyo ni chini ya nusu ya bei ya ile moja ya thamani. Nasema hivi waziwazi kwa sababu muuzaji anaweza kukwambia kwamba kibodi ghali itakuokolea fedha. Kwa hesabu hii haiokoi. Unachonunua ni mambo mengine: vidole visivyochoka, makosa machache, kazi isiyokatika katikati ya msimu wa mitihani. Hayo yana thamani, na kwa mchapaji wa kila siku huenda yakastahili bei hiyo. Lakini yanapatikana tu iwapo kibodi itadumu. Ikifa mwezi wa nne na hakuna wa kukupokea, umezika bei ya kibodi za kawaida zaidi ya 16 kwa siku moja. Kwa kikundi cha vijana kilichonunua vifaa kwa fedha ya mkopo wa halmashauri, hasara hiyo haiishii dukani, kwa kuwa rejesho la mkopo linaendelea kudaiwa.

Bei kubwa haizuii hitilafu

Je, kibodi ya bei kubwa kutoka kampuni kubwa inaweza kuharibika mapema? Inaweza, na mfano wake unajulikana duniani kote.

Mwaka 2015 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza kompyuta mpakato zenye kibodi ya muundo mpya, ulioitwa "kipepeo" kwa sababu ya umbo la kifaa kidogo kilichowekwa chini ya kila kitufe. Kompyuta hizo hazikuwa za bei ya chini. Kibodi yake ilikuwa nyembamba sana, na vitufe vilishuka kidogo mno vilipobonyezwa. Haikuchukua muda wanunuzi wakaanza kulalamika: herufi moja inatokea mara mbili, nyingine haitokei kabisa, vitufe vinanata. Chembe ndogo iliyoingia chini ya kitufe iliweza kukikwamisha. Kampuni yenyewe ilichapisha maelekezo ya kusafisha, kwamba kompyuta ishikwe kwa mwinamo wa nyuzi 75 kisha ipulizwe hewa ya mkebe. Fikirini maelekezo hayo kwa mtu anayefanya kazi kando ya barabara ya vumbi wakati wa kiangazi.

Mwezi Juni 2018 Apple ilitangaza mpango wa kutengeneza bila malipo kibodi zilizohusika, kwa muda wa miaka 4 tangu kompyuta ilipouzwa kwa mara ya kwanza. Novemba 2019 ilitoa kompyuta ya inchi 16 yenye kibodi ya muundo tofauti. Julai 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 ili kumaliza shauri lililofunguliwa na wanunuzi kwa pamoja huko California, bila kukiri kosa. Malipo kwa mnunuzi mmoja yalipangwa kati ya dola 50 na 395, kulingana na matengenezo aliyofanyiwa.

Katika habari hiyo kuna jambo moja ambalo naomba mlitilie maanani. Fidia ile ilihusu watu walionunua kompyuta zao katika majimbo 7 tu ya Marekani. Aliyekuwa na kompyuta ileile, yenye tatizo lilelile, lakini aliinunua mahali pengine, hakuhusika na fedha hizo. Bidhaa ilikuwa moja dunia nzima, ila haki ya kudai ilitegemea mahali iliponunuliwa. Mtu anayeletewa kompyuta au kibodi na ndugu aliye ng'ambo, au anayenunua iliyoingizwa kwa njia zisizo rasmi, ajue kwamba huenda amepokea chombo bila ahadi yake.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Mwaka 1985 kampuni ya IBM ilitoa kibodi iitwayo Model M, nzito, yenye springi chini ya kila kitufe na kelele za kutosha. Hadi leo zipo za miaka ile zinazofanya kazi. Tangu 1996 kampuni ndogo ya Unicomp, katika mji wa Lexington, Kentucky, imeendelea kutengeneza kibodi za muundo huo. Uzito na springi ni sehemu ya siri ya umri wake mrefu. Sehemu nyingine ni kwamba baada ya miaka mingi bado yupo mtu anayejua kuitengeneza.

Ahadi inayofika Kiloleli

Nije sasa kwenye ahadi, yaani dhamana, au waranti kama tunavyoiita madukani. Wengi wetu tukisikia "ina waranti ya mwaka mmoja" tunatulia. Kauli hiyo peke yake haitoshi. Dhamana ambayo ofisi yake iko Dar es Salaam ni nzuri kwa mtu wa Dar es Salaam. Kwa mtu wa Kiloleli, kuitumia ni kufunga kifurushi, kukipeleka kwenye basi, kulipia, kupiga simu siku nzima, na kukaa wiki kadhaa bila kifaa. Kila hatua ina gharama, na gharama zikizidi, mtu huacha kudai. Hivyo dhamana inakuwa ipo kwenye karatasi na haipo katika maisha.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji maswali haya sita. Kuuliza si ujinga, na muuzaji mwaminifu hatachukia.

Kwanza: dhamana hii ni ya nani, ya mtengenezaji au ya duka? Dhamana ya duka hufa duka likifungwa. Ya mtengenezaji huenda haina ofisi nchini. Ujue unayemtegemea.

Pili: inaanza lini, inaisha lini, na imeandikwa wapi? Dhamana ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Iandikwe kwenye risiti au kwenye kadi yenye mhuri na tarehe.

Tatu: inahusu nini, na haihusu nini? Dhamana nyingi hazigusi kibodi iliyomwagikiwa maji au chai. Uliza kuhusu vumbi, herufi zilizofutika juu ya vitufe, na waya uliokatika.

Nne: nani analipa nauli ya kifurushi kwenda na kurudi? Swali hili ndilo watu wa mbali na miji mikubwa husahau, na ndilo linalowagharimu zaidi.

Tano: vipuri vipo? Swichi moja ikifa, naweza kununua moja, au nitaambiwa ninunue kibodi nyingine?

Sita: matengenezo huchukua siku ngapi, na katika siku hizo nitatumia nini? Lipo duka litakalokuazima kibodi ya kawaida wakati yako ikitengenezwa. Duka la namna hiyo, hata likizidisha bei kidogo, huenda likawa nafuu kuliko la bei ya chini lisilokujua ukirudi.

Naongeza jambo moja la vitendo. Kama kwenye boksi au kwenye tangazo pana namba ya huduma kwa wateja, ipigie kabla ya kununua. Uliza swali lolote kuhusu bidhaa hiyo. Angalia kama simu inapokelewa, kama anayepokea anaijua bidhaa, na kama anakujibu kwa heshima. Mtu asiyepokea simu ya anayetaka kununua, sioni sababu ya kuamini kwamba atapokea ya anayelalamika.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Haruhusiwi kusema uongo kuhusu ubora au daraja la bidhaa, kusema ni mpya wakati imeshatumika, kudanganya kuhusu mahali ilikotengenezwa, kuhusu kupatikana kwa vipuri na matengenezo, wala kuhusu dhamana iliyopo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "vipuri vipo Mwanza" huku akijua havipo, hilo halihesabiwi kuwa maneno ya biashara tu. Ni jambo ambalo sheria inalikataza.

Ipo pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Msingi wake ni kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Aidha, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ndiyo maana nawashauri kusema wazi dukani: "Nataka kibodi ya kuchapa kutwa nzima, mahali penye vumbi." Maneno hayo yana uzito baadaye, na yakiandikwa kwenye risiti au kutumwa kwa ujumbe wa simu yana uzito zaidi.

Mmeona katika maduka mengi bango au maandishi kwenye risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Muuzaji anaweza kukataa kubadilisha kibodi nzima eti kwa sababu mnunuzi amechoshwa na rangi yake, na hapo ana hoja. Lakini bango halifuti wajibu ambao sheria imemwekea. Kibodi iliyouzwa kama mpya na ikaonekana imetumika, au iliyosemwa kuwa ya kampuni fulani na ikaonekana ni bandia, haikingwi na maandishi ya ukutani.

Kwa wanaonunua kupitia simu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo ina masharti ya kumlinda mlaji, likiwamo la muuzaji kujitambulisha na kutoa anuani yake. Muuzaji ambaye ana picha nzuri na namba ya simu tu, bila jina la biashara wala mahali alipo, tayari amekupa jibu la swali la kwanza kati ya yale sita.

Kuhusu neno "orijino"

Madukani neno "orijino" limetumika hadi likachakaa. Bidhaa bandia ni ile inayovaa jina au alama ya mwingine bila idhini, na Sheria ya Alama za Bidhaa inalikataza jambo hilo. Bandia haina dhamana ya mtengenezaji, kwa kuwa mtengenezaji hakuitengeneza. Unapolipa bei ya orijino kwa bandia, ahadi yote uliyoilipia haipo.

Tazama tahajia ya jina kwenye boksi na kwenye kibodi. Linganisha namba ya utambulisho iliyo nyuma ya kibodi na iliyo kwenye boksi. Tilia shaka bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine. Kisha omba kibodi iunganishwe na kompyuta hapohapo, ufungue programu ya kuandikia, na ubonyeze kila kitufe, kimoja baada ya kingine, kuanzia juu hadi chini. Angalia kama ipo herufi isiyotokea, inayojirudia, au kitufe kinachochelewa kupanda. Kazi hiyo haimalizi dakika tano, na muuzaji anayekuzuia kuifanya amekwambia jambo.

Ikiharibika

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dai bila risiti huishia hukohuko. Dai risiti ya EFD kila unaponunua, na uhakikishe imetaja bidhaa kwa jina. Ujumbe wa malipo ya simu uutunze, lakini usiufanye mbadala wa risiti. Ujumbe huo unaonyesha kwamba fedha ilitoka, hauonyeshi ilinunua nini. Karatasi ya risiti hufifia upesi, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo. Hifadhi na boksi mpaka dhamana iishe.

Hitilafu ikitokea, acha kuifungua kibodi mwenyewe, na usimpe fundi mwingine kabla ya kuzungumza na muuzaji, kwa maana dhamana nyingi hukoma kifaa kikifunguliwa. Rekodi kwa simu video fupi inayoonyesha tatizo. Kisha mjulishe muuzaji kwa maandishi, hata kama mmeshazungumza kwa mdomo. Eleza ulinunua lini, tatizo ni lipi, lilianza lini, na unataka nini: kutengenezewa, kubadilishiwa, au kurudishiwa fedha. Mpe siku za kujibu. Tumia lugha ya heshima. Aliye na haki na ushahidi hana haja ya matusi, na ujumbe wenye matusi utakuaibisha siku utakaposomwa mbele ya mtu wa tatu.

Asipojibu, au akikataa bila sababu, nenda kwa Afisa Biashara wa halmashauri yako, au wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani ukiwa na nakala za risiti, ujumbe na picha. Mahakama nayo ipo kwa madai ya fedha. Lipo pia Baraza la Taifa la Kutetea Walaji, lililoanzishwa kwa sheria ileile ya 2003 ili kupaza sauti ya walaji. Wapo wanaosema, "Nani atahangaika kwa ajili ya kibodi?" Malalamiko ya mtu mmoja huenda yakaonekana madogo. Yakifika kumi kuhusu duka moja au bidhaa moja, yanaonyesha mwenendo, na mwenendo ndio unaotuwezesha kuchukua hatua. Anayenyamaza humwachia jirani yake mtego uleule.

Wajibu wa pande zote

Nisiwe mtu wa kuwasema wauzaji peke yao. Mnunuzi naye ana wajibu. Kikombe cha chai na soda vikae mbali na kibodi. Jioni funika kibodi kwa kitambaa safi, na mara kwa mara igeuze chini juu na kuipangusa kwa brashi laini. Usidai dhamana kwa kibodi iliyoanguka huku ukisema haikuanguka, kwani uongo wa mnunuzi ni uongo kama wa muuzaji, na huwapa wauzaji sababu ya kutoamini wateja wakweli. Kwa mwenye steshenari, hata akinunua kibodi bora kuliko zote, ni busara kuweka ya kawaida ya akiba kabatini, ili mwalimu asikose mtihani wake.

Kwa ndugu zetu wenye maduka ya vifaa, hapa Kiloleli, Bariadi na kwingineko, nina ombi. Msitoe ahadi ambayo aliyewauzia ninyi hakuwapa. Kabla ya kuleta mzigo, muulizeni msambazaji maswali yaleyale sita. Mkulima wa pamba hurudi kwa mnunuzi mwenye mizani ya haki hata kama yuko mbali zaidi, na habari za mizani mbovu huenea kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Huduma baada ya mauzo ndiyo mizani ya muuzaji wa vifaa. Mteja mmoja aliyebadilishiwa kibodi bila kusumbuliwa atawaletea shule nzima.

Ndugu zangu, siwashauri mnunue kibodi ghali, wala siwashauri mziache. Nawashauri kwamba bei ikipanda, na maswali yapande. Ahadi ni deni, nasi tunaolipia ahadi tuna haki ya kuambiwa kwa maandishi nani anadaiwa, deni ni la muda gani, na tutamkuta wapi siku ya kulidai.

Sasa nakaribisha maswali.